Mkate Wenye Koga

Somo: Yoshua 9:3-27

Tukifungua kitabu cha Yoshua tumezoea kukimbilia kuta za Yeriko. Leo nataka tuangalie mkate.

Watu wa Gibeoni walisikia yaliyopata Yeriko na Ai wakaogopa. Wakavaa nguo kuukuu na viatu vya viraka, wakabeba viriba vilivyopasuka na mkate uliokauka ukashika koga. Wakafika kambini Gilgali wakisema wametoka nchi ya mbali sana. Na tuwe wa haki kwa Israeli: hawakuwa wajinga. Mstari wa 7 unaonyesha walishuku, wakawauliza kama si majirani. Hata kile chakula walikikagua. Ushahidi wote ulikubaliana. Lakini soma mstari wa 14 uone ni nani hawakumwuliza. Siku tatu baadaye, kumbe wale watu wanakaa hapo karibu! Na wakuu walikuwa wameshaapa kwa jina la Bwana.

Mimi naona hapa ndipo wengi wetu tunateleza. Jambo gumu tunalileta madhabahuni haraka: ugonjwa, kesi, mtoto aliyepotea. Lile lililo wazi, ambalo hesabu zimekubali, tunajiamulia. Kazi ya Saudia yenye mshahara mzuri. Ploti ya bei nafuu karibu na barabara. Kijana anayeomba kwa sauti mpaka ukumbi unatetemeka. Kuwa mdhamini wa mkopo wa mtu, manake si ni mpendwa mwenzetu? Koga ilionekana kwa macho. Mahali ule mkate ulikotoka, hapo Mungu peke yake ndiye angewaambia.

Sasa msinisikie vibaya. Sisemi mtu aache kukagua. Kuna ndugu anayesema "Roho amenishuhudia" na hajaenda hata ofisi ya ardhi kuona shamba limeandikwa jina la nani. Hiyo si imani. Israeli hawakukosea kukagua mkate, walikosea kuishia kwa mkate. Wala sikutumi kwa nabii wa kulipwa. Katika Hesabu 27:21 Mungu alikuwa ameshampa Yoshua njia: asimame mbele ya Eleazari kuhani, na huyo amwulizie. Kuuliza kusingewagharimu hata shilingi.

Sisi leo tuna Neno, tuna Roho Mtakatifu, tuna wazee wa kanisa. Na tuna kitu kingine ambacho tunakidharau sana: kungoja. Wale wageni walitaka agano sasa hivi, na siku tatu tu zingefichua yote. Mtu akikwambia lipa leo kabla ya jioni ama nafasi iende, mwambie atapata jibu wiki ijayo. Uombe, ukae chini na mke wako ama mume wako, usome. Kama mlango ni wa Bwana, hautafungwa na maombi yako.

Kiapo kile kiliwafuata mbali. Sauli alipowaua Wagibeoni, njaa ya miaka mitatu iliipiga nchi siku za Daudi, na ni Daudi kumwuliza Bwana ndiko kulikofunua sababu (2 Samweli 21:1). Lakini usife moyo, wewe ambaye umeshaweka sahihi. Yoshua aliheshimu neno lake. Wafalme watano walipoishambulia Gibeoni alipanda kuwasaidia, na ni katika vita hivyo jua lilisimama (Yoshua 10). Mungu alipigana upande wao ndani ya agano ambalo hawakumwuliza.

Wiki hii katika ushirika wa nyumbani tutasoma 2 Samweli 5:17-25. Adui ni yule yule, bonde ni lile lile, na Daudi anauliza mara ya pili. Angalieni jibu lilivyobadilika. Kila mmoja aje na jambo moja ambalo ameona ni dogo mno kuliombea, tuliombe pamoja.