Pima Kiangazi Kabla ya Kununua Tangi

Anayetaka kuhifadhi maji mara nyingi huanzia dukani. Tangi la lita elfu moja ni bei gani, la elfu tano je, na fundi atataka kiasi gani kuweka mabomba? Akishajua bei, ananunua lile ambalo mfuko wake unaruhusu, kisha anasubiri mvua. Ningependa aanzie kwingine. Ajiulize: tangu mvua ya mwisho ya masika hadi mvua ya kwanza ya vuli, hapa kwangu hupita siku ngapi? Jibu la swali hilo ndilo linaloamua ukubwa wa tangi, kina cha lambo na zamu ya mfereji. Jumla ya mvua ya mwaka huja baadaye.

Nitazungumzia Bonde la Mto Pangani, kwa sababu humo jambo hili linaonekana waziwazi. Miteremko ya kusini ya Kilimanjaro ina sehemu zinazopata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka. Ukishuka hadi tambarare za Same na Mwanga, mwendo wa saa chache kwa basi, unakuta watu wanaoishi kwa milimita 500 hivi, na miaka mingine pungufu ya hapo. Mto Kikuletwa na Mto Ruvu hukutana kwenye bwawa la Nyumba ya Mungu, na kutoka hapo Pangani yenyewe inaanza safari ya kwenda baharini. Lakini wa mlimani na wa tambarare wana kalenda inayofanana: masika kuanzia Machi hadi Mei, vuli kuanzia Oktoba au Novemba hadi Desemba. Katikati kuna mapengo mawili. La Januari na Februari ni fupi. La Juni hadi Oktoba ni refu, na ndilo linalowachosha akina mama na watoto kwa safari za kutafuta maji. Tangi lako lipimwe kwa pengo hilo refu. Likilitosha, lile fupi halitakusumbua.

Anza na matumizi. Kwa wiki moja, weka alama ya chaki ukutani kila dumu la lita 20 linapomalizika. Usikisie, maana karibu kila nyumba hukisia pungufu. Tuseme mko sita na kila mmoja anatumia dumu moja kwa siku, kwa kunywa, kupika, kuoga na kufua. Hizo ni lita 120 kwa siku. Kwa siku 150 za kiangazi zinakuwa lita 18,000, na tangi la kiasi hicho ni gharama ambayo familia nyingi haziwezi kuibeba kwa mkupuo. Kwa hiyo yatenganishe matumizi. Maji ya kunywa na kupika, kwa makadirio ya lita 7 kwa kila mtu, ni lita 42 kwa siku, yaani 6,300 kwa kiangazi chote. Tangi la lita 5,000 na jingine la 2,000 yanatosha, na unaweza kuyanunua kwa awamu. Ya kufulia na kuogea yaendelee kutoka kisimani au kwenye mfereji kama ilivyokuwa. Hata hapo umeshapata jambo kubwa: maji ya mtoto kunywa yako nyumbani.

Sasa paa. Pima eneo linalofunikwa na paa chini ardhini, usipime bati lenyewe kwa mteremko wake. Nyumba ya mita 8 kwa 6 ina mita za mraba 48. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja, kwa hiyo hesabu ni nyepesi: 48 mara milimita 500 ni lita 24,000 kwa mwaka. Ondoa sehemu ya tano kwa yale yanayoruka nje ya mfereji wa bati na yanayokauka juu ya paa, zinabaki lita 19,200. Hata katika ukanda mkavu wa Same, paa la kawaida hutoa maji mara tatu ya yale uliyohitaji kwa kunywa na kupika kiangazi kizima. Mengi ya hayo hupotea kwa kukosa chombo, huku watu wakilalamika kwamba mvua haikunyesha.

Mfereji wa bati uwe na mteremko wa sentimita moja kwa kila mita, usisimame tambarare maji yakatuama na mbu wakazaliana. Mvua ya kwanza ya msimu huosha vumbi, majani na kinyesi cha ndege, kwa hiyo geuza bomba pembeni, yale ya robo saa ya mwanzo yaende kwenye migomba. Tangi liwe na kiza ndani, maana mwanga huotesha ukijani. Kila tundu lifunikwe kwa wavu wa mbu, na bomba la kutolea maji liwekwe sentimita 10 hivi juu ya sakafu ya tangi ili tope libaki chini. Msingi usiufanyie ubahili: lita 5,000 ni tani tano, na tangi lililoinama upande mmoja hupasuka. Maji ya kunywa bado yachemshwe au yatiwe dawa ya klorini, hata yakionekana safi kiasi gani.

Kupata maji ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kuyafikisha hadi Oktoba, na hapo watu wengi hushindwa kwa sababu hawajui yamebaki kiasi gani. Tafuta ufito mnyoofu. Mwisho wa Mei, tangi likiwa limejaa, uchovye hadi chini, weka alama pale maji yanapoishia, kisha gawanya urefu huo sehemu tano sawasawa na uandike miezi: Juni, Julai, Agosti, Septemba, Oktoba. Juni ikiisha, maji yasiwe yameshuka chini ya sehemu ya nne. Julai ikiisha, yasishuke chini ya ya tatu. Yakishuka mapema, punguza siku hiyohiyo, usingoje Septemba. Ufito huo haugharimu chochote, nao unamaliza ubishi wa nyumbani kuhusu nani anamwaga maji ovyo.

Tukija shambani, kipimo kinabadilika kabisa, na ni heri kulikubali hilo mapema. Milimita moja ya maji juu ya ekari moja ni lita 4,000 hivi. Mahindi yanahitaji karibu milimita 500 kwa msimu, yaani lita milioni mbili kwa ekari. Hakuna tangi la nyumbani la kufanya kazi hiyo. Tangi linaweza kulisha bustani ya mboga: tuta la mita za mraba 20, kwa milimita 5 kwa siku, hunywa lita 100. Weka matandazo ya majani makavu, mwagilia jioni, na utahitaji pungufu ya hapo. Maji yaliyosuuzia mboga na vyombo yanafaa kazi hiyo. Kwa ekari ya mahindi, ghala lako la kwanza ni udongo wenyewe. Makinga maji ya fanya juu, yaani mitaro ambayo udongo wake hutupwa upande wa juu, yakifuata kontua, huzuia mvua isikimbilie bondeni na kuilazimisha izame pale iliponyesha.

Anayetaka kuchimba lambo akumbuke jua. Kwenye tambarare zenye joto na upepo, maji yaliyo wazi hupoteza milimita 5 au zaidi kila siku. Kwa siku 150, hiyo ni sentimita 75. Lambo la mita 10 kwa 10 lenye kina cha mita moja lina lita 100,000, na jua litachukua 75,000. Chimba eneo dogo zaidi, mita 7 kwa 7, kwa kina cha mita mbili. Ujazo unakaribia kuwa uleule, ila jua litachukua lita 37,000 tu. Kazi ya koleo haizidi sana, na maji yaliyookolewa ni mengi. Sakafu uishindilie udongo wa mfinyanzi, tabaka kwa tabaka, ukiwa na unyevu. Lambo la kina pia ni hatari, kwa hiyo lizungushie uzio kabla ya kulijaza.

Wapare walishalitatua tatizo la mfereji mdogo zamani sana, kwa ndiva, yaani bwawa dogo la kukusanyia maji ya kijito. Nachukizwa ninapoona ndiva zikiachwa zijae tope kana kwamba ni kazi ya wazee waliopitwa na wakati. Chukua kijito kinacholeta lita 5 kwa sekunde. Ukikiachia mchana kutwa kwenye mfereji wa udongo wenye urefu wa kilomita mbili, sehemu kubwa huzama njiani, na shamba la mwisho hupata matone. Ukikikusanya kwa saa 12 za usiku, unapata lita 216,000. Asubuhi unafungua tundu, maji yanashuka kwa nguvu, yanawahi kufika mwisho wa mfereji kabla udongo haujayanywa. Faida yake kubwa iko katika nguvu hiyo ya kusukuma. Kijiji chenye ndiva kiondoe tope mwezi Septemba, kizibe nyufa, kisafishe mfereji kabla ya mvua, na zamu zipangwe mbele ya watu wote, wa mwisho wa mfereji wakianza mara nyingi kadiri inavyowezekana.

Kiasi cha maji kinachoingia kwenye mfereji unaweza kukipima kwa chungwa. Chagua sehemu iliyonyooka ya mita 10, tupa chungwa majini na uhesabu sekunde. Mfereji wenye upana wa sentimita 40 na kina cha sentimita 15, chungwa likipita kwa sekunde 25, unabeba lita 24 kwa sekunde. Ondoa sehemu ya tano, kwa kuwa maji ya chini na ya kingoni huenda polepole, zinabaki 19. Rudia mwishoni mwa mfereji. Tofauti ya vipimo viwili ndiyo inayozama na kuibwa, na mkutano wa kijiji ukiwa na namba hiyo hujadili vizuri kuliko ukiwa na lawama.

Kwa maji ya nyumbani hutakiwi kibali. Kwa kumwagilia au kukinga mto, Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 inakutaka uombe kibali kwa Bodi ya Maji ya Bonde. Ni rahisi zaidi kuomba mkiwa Jumuiya ya Watumia Maji kuliko mtu mmoja mmoja. Shamba lenyewe likae mita 60 kutoka ukingoni, kama sheria ya mazingira ya 2004 inavyotaka. Masharti haya yana watu nyuma yake. Chini yako kuna wavuvi wa Nyumba ya Mungu, kuna mitambo ya umeme ya Hale na Pangani, na pale mto unapoingia baharini kuna wakulima ambao mto ukipungua nguvu, maji ya chumvi hupanda hadi mashambani mwao. Kwa hiyo kiangazi kikikaza, zamu ya kijiji iache kiasi fulani kipite mtoni, kiandikwe kwenye daftari la jumuiya pamoja na zamu nyingine, na mtu apewe kazi ya kukikagua kila wiki.