Chora Ligamenti za Meniskasi, Hatua kwa Hatua

Mwanafunzi wa utabibu anayekariri ligamenti za goti bila kuzichora huzisahau upesi. Chukua karatasi, penseli ya kawaida na nyingine nyekundu. Tunachora goti la kulia kutoka juu, mfupa wa paja ukiwa umeondolewa. Mbele ya goti iwe sehemu ya juu ya karatasi. Upande wa ndani uwe kushoto kwako.

1. Chora uso wa juu wa mfupa wa goko: yai lililolala. Katikati acha ujia mwembamba kutoka mbele hadi nyuma.

2. Kushoto chora meniskasi ya ndani kama herufi C, ncha zake zikiwa mbalimbali, zote zimeshikizwa kwenye ujia. Kulia chora ya nje, karibu duara kamili, na ncha zake zikaribiane katikati ya zile za mwenzake. Usiharakishe hapa, mpangilio huu ukikosewa, mchoro wote unapotea.

3. Unganisha meniskasi hizo kwa mbele kwa mstari mwembamba: ligamenti ya kukingama. Baadhi ya watu hawana.

4. Zungushia kingo za nje nukta nyingi. Hizo ni ligamenti za koronari, zinazoshikiza meniskasi kwenye goko kama upindo wa nguo.

5. Sasa penseli nyekundu. Kushoto chora ligamenti ya pembeni ikigusa meniskasi, kwa sababu tabaka lake la ndani limeshikana nayo kabisa. Kulia, ligamenti ya pembeni hushuka hadi kichwa cha fibula bila kuigusa meniskasi. Kati ya ligamenti hiyo na meniskasi ya nje hupita kano ya msuli wa popliteo. Acha nafasi hiyo wazi, maana ndiyo siri ya goti. Mchezaji anapogeuka ghafla huku mguu umekita chini, meniskasi ya nje huteleza. Ya ndani, iliyofungwa, hubanwa. Ndiyo maana, kwa jumla, meniskasi ya ndani huchanika zaidi.

6. Kutoka ncha ya nyuma ya meniskasi ya nje, pandisha mistari miwili kuelekea ilipokuwa kondili ya ndani ya paja tuliloondoa. Mmoja ni ligamenti ya Humphry, inayopita mbele ya ligamenti msalaba ya nyuma; wa pili ni ya Wrisberg, inayopita nyuma yake. Mtu anaweza kuwa na moja tu. Kwenye MRI, maungio yake na meniskasi huweza kudhaniwa mchaniko: fuata mstari unaoonekana hapo picha baada ya picha, na ukiuona unapanda hadi paja, hiyo ni ligamenti.