Vipande vya Nguo Chini ya Cherehani: Ushonaji wa Blanketi la Viraka

Mtu apitaye jioni penye baraza ya fundi wa nguo, iwe ni Machakos, Kisumu, au vichochoro vya Gikomba mjini Nairobi, ataona chungu ya vipande chini ya cherehani: ncha za kitenge, pembe za drili zilizobaki katika sare za shule, ukanda mwembamba wa leso. Kukifungwa kazi hufagiliwa vyote na kutiwa motoni. Na huko Limuru, Kinangop na Molo, ambako baridi ya mwezi wa Julai huingia hata ndani ya nyumba, watoto watatu huvutana blanketi moja usiku kucha, na yule alalaye ukingoni ndiye asiyepata usingizi.

Kuunganisha vipande hivyo kuwa blanketi si jambo geni, na wako waliojaribu wakakata tamaa. Mama hushona kila jioni kwa muda wa majuma mengi, akamaliza, akafurahi. Kisha siku ya kwanza ya kufua blanketi hujikunyata kama jani lililokaukia juani, rangi nyekundu huenea juu ya nyeupe, na mishono hufumuka. Kosa hilo halitokani na uzito wa mkono wake. Hutendeka kabla sindano haijatiwa uzi, wakati wa kuchagua vipande.

Nguo ya pamba hurudi ikifuliwa, yaani hupungua urefu na upana. Nguo ya poliesta hairudi. Mbili hizo zikishonwa bega kwa bega, moja huivuta nyingine, na uzi ulio katikati ndio utakaokatika. Basi yafaa zitengwe. Asiyeweza kuzitambua kwa macho na achukue uzi mmoja mmoja wa kila kipande, aushike kwa kibanio juu ya karai la maji, aukaribishe kwenye moto, watoto wakiwa mbali. Uzi wa pamba huungua kwa harufu ya karatasi na kuacha majivu laini. Uzi wa poliesta au wa nailoni huyeyuka na kuacha tone gumu. Ukiacha majivu yaliyochanganyika na punje ngumu, nguo hiyo imefumwa kwa namna mbili, kama zilivyo nguo nyingi za sare.

Kujua hayo si kwa ajili ya kufua tu. Katika nyumba nyingi mtoto hulala si mbali na jiko. Pamba nayo hushika moto, lakini nailoni na poliesta zikiyeyuka hunata mwilini, na jeraha lake ni baya mno. Vipande vya namna hiyo vifanywe mfuko, pazia au zulia la kupangusia miguu mlangoni. Blanketi la mtoto lishonwe kwa pamba.

Baadaye vipande vifuliwe vyote kwa maji ya moto kabla ya kushonwa, ili kila kitakachorudi kirudi mapema. Vilivyo vidogo vitiwe ndani ya foronya na mdomo wake ufungwe, visije vikachanika nyuzi. Kipande chekundu au cha buluu kilazwe majini pamoja na kitambaa cheupe. Kitambaa kikibadilika rangi, kipande hicho kingali kinachuja. Kifuliwe tena mpaka maji yatoke safi, na kisipotakata kiachwe.

Sasa yaja swali la kukata, na hapa washonaji wengi hupoteza kile walichotaka kuokoa. Mafunzo ya vitabuni humtaka mtu akate miraba iliyo sawasawa. Na tufanye hesabu. Blanketi lenye upana wa sentimita 100 na urefu wa sentimita 150 lataka miraba 150 ya sentimita kumi kumi. Lakini kila mraba lazima uongezwe sentimita moja ya mshono kila upande, kwa hiyo hukatwa kwa sentimita 12. Nguo inayotumika ni mita za mraba 2.16, na blanketi litakalopatikana ni mita za mraba 1.5 tu. Karibu theluthi moja imezama ndani ya mishono. Mtu akipenda miraba midogo ya sentimita tano, atakata miraba 600, na nusu ya nguo yake itapotea. Tena hapo hazijahesabiwa zile pembe alizozikata na kuzitupa ili mraba unyoke! Miraba hupendeza macho, ni kweli. Lakini ni ushoni wa mtu mwenye nguo nyingi.

Iko njia nyingine, nayo yapatikana kwa watu ambao wana udugu wa zamani na pwani hii. Katika jimbo la Karnataka, nchini India, wilayani Uttara Kannada, wanakaa Wasiddi. Babu zao wengi walichukuliwa utumwani kutoka Afrika ya Mashariki na Msumbiji wakapelekwa Goa, iliyokuwa mikononi mwa Wareno, na waliotoroka wakakimbilia misituni. Wanawake wao hushona mablanketi ya viraka yaitwayo kawandi. Isisemwe kwa haraka kwamba ufundi huo ulitoka Afrika pamoja nao, kwa kuwa majirani zao Wahindi nao tangu zamani hushona nguo kuukuu kuwa matandiko. Lakini kawandi ina tabia yake.

Mshonaji wa Kisiddi huketi chini, akaitandaza sari kuukuu ya pamba kuwa nguo ya chini. Hana meza wala fremu ya kuwambia. Huanza ukingoni, penye pembe moja, akaweka kiraka, akakunja kingo zake kwa ndani, akapiga bandi kupita nguo zote kwa mistari inayofuatana. Kiraka cha pili hupanda kidogo juu ya cha kwanza na kuficha ukingo wake uliokatwa. Huendelea hivyo kuzunguka pande zote nne, akisogea polepole kuelekea katikati. Viraka havikatwi kwa kipimo: kirefu hubaki kirefu, na upungufu wake hufunikwa na kijacho. Nguo iliyokunjwa haikupotea, maana imekuwa tabaka jingine la kuzuia baridi. Katika pembe nne hutia vipande vilivyokunjwa pembetatu, viitwavyo phula, maana yake ua. Kawandi isiyo na phula huonekana haijatimia. Na wako ambao, kabla ya kufunga kiraka cha mwisho cha katikati, hutia punje chache za mchele ndani yake, ili tumbo la blanketi lisiwe tupu.

Mama wa Kenya aweza kuifuata njia hiyo kwa leso kuukuu, ambayo kwa kawaida ina urefu wa mita moja na nusu na upana upatao mita moja na kidogo, kipimo kimtoshacho mtoto. Akunje pindo lake kwanza. Uzi uwe wa pamba, usizidi urefu wa mkono, maana uzi mrefu hujifunga mafundo. Mistari ya bandi iachane kwa upana wa kidole. Ikiachana zaidi, viraka huvimba na kuchanika vikifuliwa. Kila kiraka kilazwe ili nyuzi zake zifuate nyuzi za leso, kwa sababu nguo iliyokatwa mshazari hunyooka na kulegea. Ajaribu kwanza blanketi la mtoto mchanga. Lile la mtu mzima, likilowa, ni zito hata halikamuliki na mtu mmoja, na msimu wa mvua huenda likakaa kambani siku mbili tatu.

Mahali palipochakaa hapahitaji kufumuliwa. Kiraka kipya hushonwa juu yake, na cha zamani hubaki ndani.