Neno Moja, Maana Nyingi

Neno halisimami peke yake. Maana yake hutegemea nani asemaye, amwambia nani, na katika hali gani. Tuchukue neno “ndugu”.

Nyumbani, ndugu ni mtu wa ukoo: uliyezaliwa naye, hata mtoto wa baba mdogo. Katika Tanzania, baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, “Ndugu” lilitangulia jina la waziri na la mkulima pia, kuonyesha usawa. Lakini askari akikushika bega na kusema, “Ndugu, twende kituoni,” hapo hakuna ukoo wala usawa.

Sasa tufungue Waraka kwa Filemoni, wenye mistari 25 tu. Paulo, akiwa kifungoni, amrudisha Onesimo kwa bwana wake, akiomba apokewe si kama mtumwa bali kama ndugu. Sisi tuitanao “ndugu” kila Jumapili twaweza kuupita mstari wa 16 bila kushtuka. Lakini kwa sheria ya Warumi, mtumwa alikuwa mali, aliweza kuuzwa kama ng’ombe. Kwa Filemoni, neno hilo lilikuwa na gharama.

Basi, kabla ya kumkaripia mwenzio kwa mstari mmoja wa Maandiko, soma uliotangulia na unaofuata.

Zoezi: Someni Waraka huo wote nyumbani, kwa sauti. Kisha kila mmoja amfikirie mtu amwitaye “ndugu” kanisani, ambaye hajapata kumkaribisha kwake.