Kabla muswada wako haujamfikia mhariri

Wahandisi vijana wanaotaka kuchapisha matokeo ya maabara wanauliza. Anajibu mhandisi wa ujenzi anayehakiki makala za majarida.

Nimemaliza tasnifu ya uzamili kuhusu zege lenye majivu ya pumba za mpunga. Naweza kuifupisha tu nikaituma?

Hapana, andika upya. Tasnifu humthibitishia mtahini kwamba umesoma, ndiyo maana ina sura nzima ya kazi za wengine. Makala hujibu swali moja. Ni kipi hakikujulikana kabla ya jaribio lako? Jibu hilo likae kwenye ikisiri, pamoja na tarakimu zake.

Makala nyingi hukwama wapi?

Kwenye mbinu, na hapa niruhusu nirefushe maneno. Muswada unasema majivu yalichanganywa na saruji, zege likapimwa, basi. Pumba zilichomwa kwa joto gani? Zikichomwa chini ya takribani nyuzi 700 za Selsiasi, silika yake hubaki katika hali ya kuweza kuungana na chokaa inayotokana na saruji. Joto likizidi sana, silika hugeuka fuwele na uwezo huo hupungua. Asiyetaja joto ameacha nje jambo linaloamua matokeo yake.

Taja pia aina ya saruji, uwiano wa maji na saruji, ukubwa wa michemraba, ilikaa majini siku ngapi, na ulivunja mingapi kwa kila mchanganyiko. Ukiandika wastani wa MPa 31.47 kutokana na michemraba mitatu, bila kuonyesha ilivyotofautiana, desimali hizo mbili zinadai uhakika usiokuwa nao. Mwenzako aliyeko Mbeya, asiyekujua, aweze kurudia jaribio kwa kusoma makala peke yake.

Nichague jarida lipi?

Tazama marejeo yako mwenyewe. Jarida linalojirudia humo ndiko waliko wasomaji wako. Kisha soma maelekezo yake kwa waandishi na uyafuate, hata mtindo wa marejeo. Majarida ya kwetu usiyapite: Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina Tanzania Journal of Engineering and Technology, na majarida mengi ya bara hili yanapatikana kupitia African Journals Online, iliyoanzishwa mwaka 1998. Tuma kwa jarida moja tu kwa wakati mmoja.

Nimepata barua pepe inayoahidi kunichapisha ndani ya siku tano nikilipa.

Achana nayo. Siku tano hazitoshi kupata wahakiki, wasome, wajibu, nawe urekebishe. Ada peke yake si dalili ya utapeli, maana majarida mengi yanayosomwa bure huwatoza waandishi. Baadhi ya wachapishaji husamehe au kupunguza ada kwa waandishi wa nchi zenye kipato cha chini, lakini msamaha huo uombe mapema, kabla makala haijakubaliwa.

Wahakiki wamerudisha kurasa tatu za maoni. Nimekataliwa?

Kama mhariri ameomba marekebisho, mlango uko wazi. Nakili kila hoja, ijibu chini yake, taja ukurasa na mstari uliobadilisha. Usipokubaliana na hoja, leta data, kwa adabu. Na mhakiki akidai kipimo ambacho maabara yenu haina mashine yake, sema hivyo waziwazi kwenye makala, kisha punguza dai lako kwenye hitimisho lilingane na ulichopima.