Kura ni Amana: Somo kutoka Masasi na Newala

Jumapili ya tarehe 25 Oktoba 2015, Wakatoliki wa Masasi na Newala waliohudhuria Misa walisomewa Injili ya Bartimayo, yule kipofu aliyekaa kando ya njia ya Yeriko. Bwana wetu hakumponya kabla ya kumwuliza ataka afanyiwe nini. Siku hiyo hiyo taifa zima lilipiga kura, na kila raia aliulizwa swali la namna hiyo: Wewe wataka nini kwa nchi yako? Twapenda leo kuyatazama tena matokeo ya siku ile katika Mkoa wa Mtwara, maana limo ndani yake somo liwafaalo Wakristo wote, wakae Bukoba, Moshi au Songea.

Mkoa ulikuwa na majimbo 10 ya uchaguzi. Chama cha Mapinduzi kilipata saba, yakiwemo yote mawili ya Newala: Mjini alichaguliwa George Mkuchika, na Vijijini Rashid Akbar. Lakini jirani zao wa Tandahimba, juu ya uwanda ule ule wa Makonde, walimchagua Katani Ahmed Katani wa CUF. Mtwara Mjini walimchagua Maftaha Nachuma wa chama hicho hicho. Na Ndanda, chini ya uwanda, penye abasia ya Wabenediktini waliofika hapo mwaka 1906, walimchagua Cecil Mwambe wa CHADEMA.

Watu wa Masasi siku ile hawakuchagua mbunge. Dk. Emmanuel Makaidi, mwenyekiti wa NLD na mmoja wa wagombea, alikuwa amefariki dunia tarehe 15 Oktoba, na sheria yaagiza kwamba mgombea ubunge akifa, uchaguzi wa jimbo lake uahirishwe. Wakarudi vituoni tarehe 20 Desemba, Jumapili ya nne ya Majilio, ambapo Kanisa lilisoma habari za Mama Maria kwenda kwa haraka katika nchi ya milima kumsaidia Elizabeti. Wakamchagua Dk. Rashid Chuachua wa CCM.

Asiyejua yaliyotangulia ataona hapa hesabu tu. Na akumbuke mwaka 2013. Mwezi Januari mwaka ule ghasia zilizuka Masasi. Nyumba na ofisi zilichomwa, na watu wakafa. Mwezi Mei Mtwara nayo iliwaka kwa ajili ya bomba la gesi la kwenda Dar es Salaam. Moto ule ulileta nini? Makaburi, na majengo ya kujengwa upya kwa kodi ya wananchi wale wale. Miaka miwili baadaye watu wa mkoa huo walishika karatasi. Katika majimbo saba walisema hivi, katika matatu walisema vile. Na sauti zote hizo zilifika Bungeni. Karatasi haiui mtu wala haichomi nyumba.

Jambo hili si geni kwetu. Mwaka 1965, chama kikiwa kimoja tu, wapiga kura waliwekewa wagombea wawili, mmoja kwa alama ya jembe na mwingine kwa alama ya nyumba. Hata Waziri wa Fedha, Paul Bomani, alishindwa. Mwaka huo huo Mtaguso wa Pili wa Vatikano uliwakumbusha raia wote kwamba kupiga kura kwa uhuru, kwa manufaa ya wote, ni haki yao na ni wajibu wao pia. Basi, twajifunza nini?

Kwanza, kura haipotei. Mgombea aweza kushinda kwa kura moja tu. Na hata mgombea wako akishindwa, kura yako huhesabiwa tena: viti maalumu vya wanawake hugawiwa vyama vilivyopata angalau asilimia 5 ya kura halali za wabunge, kila chama kwa kadiri ya kura zake. Asemaye, "Yangu moja itafaa nini?" hajui sheria ya nchi yake.

Pili, kura haiuzwi. Mwezi Oktoba huku Kusini ni msimu wa korosho, na mara nyingi fedha bado hazijafika mkononi. Hapo ndipo huja mtu na kanga, chumvi na noti mbili tatu. Mkulima wa Newala hapeleki korosho zake ghalani bila mizani na stakabadhi. Mbona kura aitoe bila mizani? Maji ni ya shida juu ya uwanda ule. Mama aliyepokea kanga ataitumia kufanya kata ya kubebea ndoo kichwani, na miaka mitano itapita hana kinywa cha kumwuliza mbunge habari za bomba.

Tatu, hesabu ni takatifu. Kura huhesabiwa pale pale kituoni mbele ya mawakala, na matokeo hubandikwa ili watu wayasome. Wengi wanaosimamia kazi hiyo ni walimu na watumishi wa umma, na wamo Wakatoliki miongoni mwao. Twawaambia waziwazi: abadilishaye tarakimu moja amevunja Amri mbili, ameiba na amesema uongo. Nao waliomwajiri au kumtisha wanashiriki dhambi yake. Mwaka 2020 majimbo 9 kati ya 10 ya Mtwara yalikwenda kwa CCM. Mwambe na Katani walirudi Bungeni kwa tiketi ya chama hicho, na vyama vya upinzani vililalamika kwamba uchaguzi nchini haukuwa wa haki. Tarehe 29 Oktoba 2025 na siku zilizofuata, damu ya Watanzania ilimwagika. Hatuandiki haya kwa chuki. Twaonya tu: watu wakikosa imani na sanduku la kura, wapo watakaotafuta kiberiti, na wapo watakaowajibu kwa risasi. Kosa la mmoja halimtakasi mwingine.

Wazazi wapenzi, somo hili laanzia nyumbani. Jioni, baada ya Rozari, waulizeni watoto wenu waliokomaa: mbunge wetu ni nani, aliahidi nini, ametenda nini? Wafundisheni kwamba jirani wa chama kingine bado ni jirani, na akifiwa tutamchimbia kaburi pamoja. Bartimayo hakuwa na macho, lakini alipoulizwa alijua la kujibu, wala hakuomba kanga. Mungu atujalie nasi, siku ya kuulizwa, tuwe na jibu. Nao waliokabidhiwa masanduku watutunzie jibu letu, kama amana itunzwavyo.