Mvua na Nzi wa Matunda

Nzi wa maembe kutoka Asia, aliyeonekana nchini mwetu mwaka 2003, hufuata hali ya hewa. Katika baridi ya Mbozi hukua polepole. Katika joto la bonde la Momba hukua upesi. Jike hutoboa tunda na kutaga mayai. Funza hula ndani, kisha hujichimbia ardhini na kugeuka nzi. Ardhi ikikauka sana wengi hufa. Mvua za Novemba zikiilainisha, wengi huokoka.

Basi usingoje mvua. Kila siku okota maembe yaliyoanguka, uyafukie kwenye shimo la futi 2, ushindilie udongo. Shaurianeni na jirani: matunda yaliyooza kwake huleta nzi kwako.